Machungu Ndani ya Maziwa

Nilikuwa na miaka nane, tunaishi mtaa wa Kadutu, na nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo koko, bibi yetu, mama yake papa, hakukubali ichezewe: mwanamke mwenye machungu hanyonyeshi mpaka ayatoe. Akae na mwanamke mwenzake, aseme yote, akamue matone ya kwanza kwenye majivu, ndipo ampe mtoto ziwa. La sivyo mtoto anakunywa machungu.

Asubuhi moja mama alipigiwa simu. Shimo la dhahabu lilikuwa limebomoka Luhwindja, na kaka yake, tonton Deo, aliyekuwa akichimba humo, haonekani. Nilimkuta nyuma ya mlango wa jikoni, kitenge mdomoni, analia bila sauti.

"Usimuambie koko," akaninong'oneza. "Atanikatalia mutoto." Nikamwapia sitasema.

Basi akanawa uso, akatoka, akacheka, akasonga fufu, akasalimia kila mtu, na kila alipomweka mdogo wangu Amani kifuani, mtoto alikunja shingo akapiga kelele. Siku mbili! Miezi mitatu tu alikuwa nayo, midomo inamkauka, na mimi najua kwa nini, au nilidhani najua, na nimeapa kunyamaza. Nimsaliti mama? Ninyamaze, Amani afe? Siku ya tatu nilimwambia koko, nikakimbilia chini ya kitanda.

Nilingoja matusi. Koko alimwita mama, akamwambia tu, "Weye mukaza mwana, ulizani mi niko polisi? Ikala hapa."

Mama akaketi, akasema. Akasema mpaka akapiga yowe, jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Tunasafisha maziwa," koko akamjibu. "Ingia, kamata sahani, osha."

Kisha matone yakaanguka kwenye majivu, na Amani akanyonya mpaka usingizi ukamchukua.

Tonton Deo hakupatikana kamwe. Na mpaka leo sielewi kilichomfanya Amani anyonye. Asubuhi ya siku ileile ya tatu, muuguzi wa zahanati alikuwa amempaka Amani dawa ya vidonda vya mdomo. Labda ni dawa. Labda ni mabega ya mama, yaliyokuwa magumu kama ubao na sasa yamelegea. Nimemaliza sekondari, biolojia nilifaulu, na hakuna aliyenifundisha machungu yanapita njia gani. Ila najua kwamba mama, kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto, alikimbia watu walewale waliokuwa tayari kukaa naye.

Sasa mimi nina binti wa miezi miwili. Baba yake yuko Shabunda, wiki tatu simu yake haipiti, mtoto analia kwenye ziwa, na mimi nawaambia wote niko bien, niko muzima. Leo jirani yangu, maman Furaha, aliniuliza kama ninalala. Nikasema ndiyo. Akaanza kushuka ngazi.

"Maman Furaha, rudia huku," nikamwita, bila kujua nianzie wapi. "Nimekudanganya. Silali."