Msimu Ambao Senje Alinifundisha Kufikiri

Nikisikia harufu ya polishi ya viatu iliyochanganyika na tope jeusi linaloanza kukauka, ninarudi moja kwa moja kwenye sebule ya Senje pale Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tope la Kitengela halikuwa na adabu. Lilikuvua kiatu mchana kweupe, likakuacha umesimama kwa mguu mmoja mbele za watu. Majirani wote katika ploti ile waliacha viatu mlangoni. Sisi tuliviingiza ndani, tukavipangusa na kuvipanga sakafuni kwa mstari, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vifaa vyetu vya masomo. Gambuti lilikuwa muuza mkaa. Kiatu cha Senje cha kanisani, chenye kisigino, kilikuwa mwenye ploti. Ndara yangu ilikuwa mwalimu na raba ya binamu yangu Doreen ilikuwa fundi cherehani. Senje alitusomea fumbo: vyumba viko vinne mfululizo, mwenye ploti anaishi chumba cha mwisho, fundi na muuza mkaa hawapakani, je, chumba cha pili kina nani? Nasi tulipiga magoti kwenye saruji baridi, tukivisukuma viatu huku na huko na kubishana, mpaka kila mtu akapata chumba chake. Mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa alichungulia siku moja, akatusalimu kwa lugha yake, "Sopa! Kwani mnafungua duka ya viatu?" Senje alicheka mpaka akashika mlango.

Senje ni jina tunalomwitia dada ya baba sisi Waluhya. Huyu wangu alikuwa karani katika kiwanda upande wa Athi River, na alikuwa akimlea Doreen, mtoto wake wa pekee, bila mume. Baba yangu alikuwa afisa wa kilimo kule Illasit, mbali karibu na Loitokitok, na nyumba yetu ilikuwa imejaa watoto kuliko mshahara wake. Mimi na Doreen tulikuwa tumemaliza darasa la nane mwaka huo huo. Senje alikuwa amesikia kwamba shule moja ya binafsi karibu na mji wa Kajiado ingemsomesha bure msichana mmoja, kidato cha kwanza hadi cha nne, na kwamba angechaguliwa kwa mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri. Alifunga safari hadi Illasit kunichukua. Akamwambia baba, nikiwa nimesimama pale pale nikishika kikombe chake cha chai, kwamba wasichana wote wawili watafanya mtihani, na atakayeshinda ameshindia nyumba nzima. Baba alijua hana uwezo wa kunipeleka shule ya bweni. Nami nilijua. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa njia yangu pekee ya kutoka, na hakuna aliyehitaji kuniambia mara mbili.

Kabla ya hapo sikujua kwamba kufikiri kunafundishwa. Shuleni tulikariri, kwa Senje tuliulizwa. Nyuma ya kalenda za zamani alituchorea chati kwa kalamu za rangi: bei ya mbuzi sokoni, magunia ya vitunguu yaliyotoka Illasit kila mwezi, maji yaliyonunuliwa na kila chumba katika ploti. Siku moja alinionyesha mwezi ambao vitunguu vilikuwa vimeshuka ghafla, akaniuliza chati inasema ni kwa nini. Mimi, mtoto wa afisa wa kilimo, nilijibu bila kusita kwamba mvua ilizidi vikaoza shambani. Senje aligonga karatasi kwa ukucha. "Hii chati imesema mvua wapi? Nionyeshe. Wewe ndiyo umesema mvua." Doreen, ambaye alichukua muda mrefu kwa kila kitu, hata kunywa uji, alikuwa ameandika tu kwamba taarifa hazitoshi. Alipata, nikakosa. Ndivyo tulivyokuwa. Mimi nilikuwa na kichwa chepesi, nikimaliza zoezi kabla mwenzangu hajafika katikati, lakini nilikuwa na ugonjwa wa kubahatisha. Nikiona swali limekuwa gumu nilichagua jibu lililopendeza macho nikaendelea mbele. Senje alinikemea kwa hilo wiki baada ya wiki. Aliniambia nina akili ila ninarukia mambo, na kwamba siku moja kuruka huko kutanivunja mguu.

Nilimpenda. Niseme hivyo wazi, maana bila hilo haya mengine hayana maana. Nimepewa jina la bibi yangu, Nafula, mama yao Senje na baba yangu, kwa hivyo Senje hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Mama. "Mama, njoo ule." "Mama, umelala vizuri?" Nyumbani Illasit nilikuwa mmoja wa wengi, wa kutumwa maji na kubeba mdogo wangu mgongoni. Kwa Senje nilisukwa nywele Jumamosi nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, huku akinitegea mafumbo kichwani ili nisisikie maumivu ya kitana. Ukoko wa ugali alinikwangulia mimi kwanza, na Doreen alinuna kwa mzaha akasema mama yake amepata mama mwingine. Krismasi ile tulishonewa magauni ya kitambaa kimoja. Watu kanisani walituuliza kama ni mapacha, na Senje hakuwasahihisha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala sidhani kama nimewahi kujitahidi hivyo kumpendeza mtu.

Mwezi wa kwanza, wazazi waliitwa shuleni kuelezwa taratibu za mtihani. Baba asingeweza kusafiri kutoka Illasit kwa mkutano wa asubuhi moja, kwa hivyo Senje alituwakilisha sote wawili. Alirudi jioni amechoka, viatu mkononi. Doreen alikuwa ametumwa dukani. Nilikuwa jikoni nikichambua sukuma wiki, naye akaingia, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Nakumbuka uzito wa mkono ule. Akasema, "Mama, sikia. Hiyo mtihani ni ya mbio. Usiache swali hata moja bila jibu. Hata kama hujui, chagua tu. Na usipoteze wakati kusoma yale maneno ya mbele, mimi nimeshayasoma yote." Nilishangaa kidogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinipigia kelele nisibahatishe. Lakini mshangao wenyewe uligeuka ukawa raha. Nilidhani hatimaye amenikubali nilivyo, na kwamba mtihani umeletwa kwa kipimo changu. Nilimshukuru nikaendelea na mboga.

Ukumbi wa mtihani ulinuka rangi mpya na chaki. Wasichana walikuwa wengi, wengine kutoka Matasia na Ongata Rongai, wenye soksi nyeupe ambazo tope halikuwahi kuzigusa. Msimamizi alitwambia tusome ukurasa wa kwanza kwa makini, kisha tufungue. Nilifungua papo hapo. Mafumbo yalinijia kana kwamba Senje ndiye aliyeyatunga. Niliona viatu vikijipanga sakafuni. Chati za mwanzo nilizimaliza kwa raha. Nusu ya pili ilikuwa ngumu, na pale ndipo nilipofanya kama nilivyoambiwa: nisilolijua nilichagua, la kufuata nikachagua, nikajaza karatasi nzima mpaka ikapendeza. Nilipoinua kichwa nilimwona Doreen safu ya pili, karatasi yake ikiwa na mapengo kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno. Nilimwonea huruma. Kwa kweli, roho iliniuma kwa ajili yake.

Senje alikuwa akitungoja nje ya geti, kwenye nyasi, na mayai ya kuchemsha, chapati na chupa ya chai. Alimkumbatia Doreen, kisha akanikumbatia mimi. Tulikaa tukaanza kula. Doreen aliniuliza nimeruka maswali mangapi. Nikamwambia sikuruka hata moja, nikatabasamu. Akaacha kutafuna.

"Hata yale hujui?"

"Yote nimejaza."

"Lakini, Nafu, ukikosa wanakutoa alama. Si imeandikwa hapo mbele? Na Mami alisema tuache wazi." Akamgeukia mama yake. "Mami, si ulisema?"

Senje alikuwa akimenya yai. Aliendelea kulimenya. Alitoa ganda lote, akatoa hata ile ngozi nyembamba ya ndani, akaligawa mara mbili kwa vidole na kuweka nusu mbele yangu na nusu mbele ya Doreen. "Kuleni," akasema, "mtihani imeisha." Hakunitazama. Ila alikuwa amenifundisha vizuri mno. Mtu mmoja alikwenda kwenye mkutano. Mtu huyo alisoma maelezo. Alimwambia mmoja hivi na mwingine vile, kila mmoja akiwa peke yake. Fumbo jepesi kuliko yote aliyowahi kunitegea, na nililifumbua hapo hapo kwenye nyasi.

Nafasi alipewa Doreen. Sijui kama ningeipata mimi. Hilo siwezi kulisema, na sitalisema. Nilirudi Illasit nikaanza shule ya kutwa. Sikumwambia baba. Senje ndiye aliyemlipia baba karo walipokuwa vijana, na baba alipomtaja alitumia sauti aliyoitumia kwenye sala tu. Nilihisi nikimwambia nitavunja kitu ambacho sitakuwa na uwezo wa kukijenga tena. Malipo ya kunyamaza kwangu yalikuja msimu wa mavuno, baba alipojaza gunia la vitunguu, vile vikubwa vya kuuzwa, akalipakia lori liende Kitengela kumshukuru dada yake kwa kunitunza. Mimi ndiye niliyeshika mdomo wa gunia akishona.

Yote hayo yamepita. Nilisoma kwa njia ndefu, nikafeli hapa na kuinuka pale, na leo ni mhasibu; nyumba yangu iko Kitengela hiyo hiyo, mahali ambapo enzi zile pundamilia walikuwa wakila nyasi na leo hakuna nyasi wala pundamilia, ni mabati na kuta za mawe mpaka macho yanachoka. Barabara ina lami. Watoto wa siku hizi hufanyia mazoezi ya chati na mafumbo kwenye simu, peke yao, masikio yamezibwa. Hapo awali niliwasikitikia. Siku hizi nawaangalia na kufikiri kwamba simu, angalau, haimwiti mtu Mama.

Senje amezeeka, magoti yamemchoka, na Jumapili nyingine huja kula kwangu. Miaka yote nilikuwa nimejipa maelezo: mtu amechoka, amerudi kutoka mkutanoni, njiani ameanza kumfikiria mtoto wake, na jioni ile jikoni shetani amempitia. Udhaifu wa jioni moja. Hilo ningeweza kulimeza, na nilikuwa nimekaribia kulimeza. Kwa hivyo juzi, tukiwa wawili mezani, sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza aliamua lini.

Hakujifanya haelewi. Alisawazisha kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Kabla nikuje kukuchukua kwa baba yako," akasema. "Doreen alikuwa mzito, Mama. Peke yake hangesoma. Nilitaka mtu wa kukimbizana naye. Na wewe nilijua utafika tu, hata bila hiyo shule. Ona sasa, si umefika?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayenisifu, na nadhani kweli alikuwa akinisifu. Nikaondoa vyombo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa miaka mingi kumsamehe jioni moja. Sasa natakiwa kumsamehe msimu mzima, na Jumamosi zote za kusukwa nywele zimo ndani yake.