Shosho wa Tangazo la Simu

Saa nne na robo asubuhi, mwanangu, ndipo tuliposhuka Westlands, Nairobi, mimi na nyanya Wanjiru, tuliyemwita shosho. Siku ile naikumbuka vizuri. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba taa na nyaya katika studio moja ya matangazo; yeye alikuwa mwenye nyumba wangu kule Kabiria. Studio ilitafuta mwanamke mzee wa kutangaza simu, nami nikamtaja. Alikuja na koti lake la kanisani na viatu vilivyong'arishwa, maana alidhani anaitwa kwa jinsi alivyo.

Walimvua koti. Wakampa leso iliyotoboka na fimbo.

"Shosh, inama kidogo," mwelekezi akamwambia. "Sasa simu uishike kichwa chini, halafu upige kelele."

"Kwani umeniona nikiishika hivyo?"

"La, lakini watu watacheka."

"Watacheka leo. Kesho mpangaji ataniambia ametuma kodi kwa simu, ati ni mimi sijui kusoma ujumbe. Nipe koti langu, kijana."

Akaondoka bila malipo. Nafasi yake ikachukuliwa na msichana aliyepakwa unga nywele aonekane ana mvi. Nikiri kwamba alichekesha sana.

Tangazo lilirushwa kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nami niliona likija. Kwanza watoto wa ploti yake ya nyumba za kupanga wakawa wakimpita wakipiga kelele, "Haloo! Haloo!" Kisha muuza duka, aliyemuuzia miaka mingi, akaanza kunirudishia mimi chenji yake kila nilipomsindikiza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Bandu bandu huisha gogo.

Jumapili moja baada ya ibada, mwanawe wa kwanza, Njoroge, alikuja kutoka mtaa wa Satellite. Shosho alikuwa ameniita chai, kwa hiyo nilikuwepo. Njoroge hakuketi. Aliichukua simu ya mama yake mezani.

"Mama, kuanzia mwezi huu kodi itakuwa ikiingia kwangu. Hii nitaiweka mimi. Siku hizi wazee wanachezewa pesa zao sana."

Nyumba zile shosho alizijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa kuuza mboga Kawangware. Kumwondolea simu kulikuwa kumwondolea nyumba.

"Nimechezewa na nani?"

"Bado. Lakini..."

"Kuna mpangaji niliyemdai mara mbili?"

"Hapana, mama."

"Nimewahi kukutumia pesa zikapotea?"

Njoroge akatabasamu kwa aibu. "Wewe hunitumii siku hizi."

"Kwa sababu umekua. Sasa niambie, huyo mzee unayemwokoa ulimwona wapi? Hapa kwangu, ama kwa televisheni?"

Njoroge akairudisha simu mezani, akaisogeza mpaka ikaugusa mkono wa mama yake.

"Keti basi," shosho akasema. "Chai inapoa."

Mwanangu, tangu hapo nimesoma mengi juu ya magazeti, redio na vioo hivi vya simu mnavyotazama vitandani, lakini sijakutana na swali lililonifaa kuliko lile la shosho, ulimwona wapi. Sikukatazi kucheka, mzee asiyechekwa kabisa naye huwa mpweke. Ninachokuomba ni hiki: ukimwona mzee pale kiooni akiwa kiziwi, mkali, mchawi au mzigo, usimwendee babu yako na picha hiyo mkononi. Muulize yeye mwenyewe. Msubiri amalize kujibu. Daktari akikuelekea wewe kana kwamba nyanya yako hayupo chumbani, mwelekeze kwake. Na ikiwa siku moja kalamu au kamera itakuwa mkononi mwako, mwonyeshe mzee akiwa na koti lake.

Mungu akujalie umri mrefu, na miongoni mwa watakaokuzunguka wakati huo wawemo wanaokutazama wewe usoni.