Mlaze kifudifudi, daktari

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Lenzi anavua viatu mlangoni, anavaa ndara za maabara na kuwasha hadubini yenye ukubwa wa friji. "Shikamoo, bibi," anaiamkia. Nacheka, mimi niliyekuja kumtazama kazini. Yeye hacheki.

"Bibi asipopata joto nusu saa, picha zinacheza," ananionya.

Hadubini hii hutumiwa kwa zamu na watafiti wa taasisi tisa. Mama Lenzi, mwenye miaka arobaini na sita, aliingia hapa kama mfagizi. Miaka kumi na moja alipiga deki huku masikio yakiwa darasani. Leo ni mtihani wake: akimwongoza mgeni mpaka apate picha, atapewa kibali cha kutumia mashine peke yake. Akishindwa, aombe tena mwakani.

Mgeni ni daktari wa meno, nadhifu, mwenye haraka zake. Mkuu wa maabara amekaa kando na fomu mkononi.

"Lenzi iko chini, inatazama juu," Mama Lenzi anaeleza, akimwonyesha kipande cha kioo chenye sampuli. "Kwa hiyo huyu mtoto mlaze kifudifudi, uso wake uielekee lenzi."

Daktari anaitikia vizuri tu, kisha anamlaza chali. Haoni kitu. Anazungusha kitufe, lenzi inapanda, inazidi kupanda, bado kidogo igonge kioo.

"Wee! Toa mkono!"

Mama Lenzi amemdaka daktari mkono. Uso umemshuka.

"Nisamehe, daktari. Nimekufokea kama mwanangu."

"Afadhali umefoka, mama," daktari anajibu, jasho likimtoka. "Ningevunja hiyo lenzi ningejificha wapi?"

Anakigeuza kioo. Seli zinajitokeza kwenye skrini, kijani na nyekundu, na mtu mzima yule anapiga meza kwa furaha.

Nilidhani Mama Lenzi amejiharibia. Mkuu anatia saini. "Wengi wangeona haya kumkemea daktari," ananiambia. "Lenzi zetu mbili zilivunjika kwa haya hizo hizo."

Mama Lenzi anapokea kibali kwa mikono miwili, machozi yakimlenga. Nakiri, hata mimi yalinilenga. Anakwenda moja kwa moja kwenye daftari la zamu na kujiandika: Alhamisi, saa nne hadi saa tano.

"Kila jioni mume wangu huniuliza, leo umeona nini? Namjibu, vya watu," anasema. "Nyanya zetu zinanyauka, mwaka wa tatu huu, na hatujui zinaliwa na nini. Alhamisi nakuja na jani letu."