Maji ya Josho la Eliufoo

Siku hizo Alhamisi, siku ya kuogesha ng'ombe, ilikuwa Alhamisi kweli. Kengele za ng'ombe zilisikika tangu relini Lembeni, vumbi linatimka, na Eliufoo, Mpare wa watu, amesimama ukingoni mwa josho na buti zake za mpira, anawagombeza ndama waliogoma kuruka majini. Harufu ya dawa ya kupe ilimkaa mwilini hadi Jumapili kanisani. Jamani, aliipenda kazi ile! Hata leo, na miaka yake sabini na mbili, akisikia kengele anageuka.

Halafu dawa ikaacha kuua kupe. Anatia kipimo kilekile, wiki haijaisha kupe wametanda tena masikioni mwa ng'ombe. Ndama kumi na mmoja wa Namelok, mjane wa Kimaasai, wakafa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe. Namelok akasema mbele ya mnada mzima kwamba Eliufoo anawauzia dawa ndugu zake wa mlimani, wao wa tambarare anawaogeshea mifugo maji matupu. Eliufoo akafukuzwa kazi. Miaka ishirini na minne akaitwa mwizi wa dawa, na ilimuuma kuliko msiba.

Mwaka huu Magreth, mtafiti wa chuo, alikuja kuchota tope la josho hilo lililokwisha kuachwa. Aliporudi na majibu, akawaketisha Eliufoo na Namelok palepale ukingoni. Akaeleza kuwa tope limejaa bakteria wanaokula ile dawa. Zamani wachache tu walizaliwa na tofauti ndogo iliyowawezesha kuivunjavunja. Hao wakashiba, wakazaana mwaka hadi mwaka, hadi josho likawa lao. Dawa ililiwa kabla kupe hawajafa. Leo, akasema kwa furaha, bakteria hao huenda wakasaidia kusafisha udongo wenye sumu.

Namelok akainamisha kichwa. Eliufoo angenyamaza tu, yakaisha. Lakini akauliza kama wangezaana hivyo iwapo josho lingekuwa linamwagwa na kusafishwa. Magreth akasema isingekuwa rahisi.

"Basi ni mimi," Eliufoo alisema. "Niliagizwa nilimwage kila mwaka. Nikaona maji ni shida, nikawa naongezea tu juu. Sikuiba, mama, lakini ndama wako niliwaua mimi."

Namelok akainua kichwa.

"Ndama walikufa wiki moja," akasema. "Wewe nimekuua miaka ishirini na minne."

Eliufoo akalia mbele yake, wala hakuona haya.