Sare ya Tsiala na Mgeni Wake

Mnanisumbua. Kuandika kwenyewe naandika kwa kukokota, herufi zangu zinapepesuka kama walevi, halafu mnataka habari za Tsiala! Haya. Ila asinisahihishe mtu.

Tsiala ni mshona mashati hapa Kutaisi. Baba yake, kinyozi, alimfundisha sataranji, tena ufunguzi mmoja tu: hatua ya pili, mtoe askari anayemlinda mfalme ubavuni, aliwe, kisha shambulia. Kwa ufunguzi huo alifika mchezo wa mwisho wa mashindano. Wa kwanza angekwenda Tbilisi, mji mkuu, akasomee sataranji, aichezee timu kubwa. Tsiala alihitaji ushindi. Mpinzani wake, Lamara wa mji wa Batumi, alikuwa mbele yake kidogo kwa pointi, sare ilimtosha.

Balaa ni kwamba hoteli ilijaa, Lamara akapewa malazi kwa kina Tsiala. Wiki nzima alikula mkate wao wa jibini.

Asubuhi ya mchezo mama akamvuta bintiye jikoni.

"We mwanangu, kweli utampiga mgeni wetu mbele za watu?"

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo! Majirani watasema tulimnenepesha ili tumchinje."

"Na mimi nishone mashati mpaka nife?"

"Mashati yana ubaya gani? Mimi sijaenda Tbilisi, nimekufa?"

Wakaanza. Askari akatolewa, Lamara akamla. Kufika adhuhuri mfalme wa Lamara kabanwa pembeni, malkia na farasi wa Tsiala wanamkodolea macho. Tsiala akaona midomo ya mgeni inatetemeka. Akamwona na mama yake, kiti cha mbele, uso umemshuka kwa aibu. Mkono uliokuwa unakwenda kwa farasi ukarudi.

"Sare?"

"Sare!" Lamara akaudaka mkono ule kabla haujabadili nia.

Kituoni Lamara alimbusu Tsiala, akapanda treni ya Tbilisi. Hata salamu hakuleta tena.

Siku hizi, katikati ya kushona, cherehani husimama ghafla. "Farasi pale, mfalme hana pa kwenda," Tsiala hunong'ona.

"Shoga, acha hayo," namwambia. Haachi.

Mama yake alipokuwa mahututi alilia: "Ningekuacha umpige."

"Mkono ulikuwa wangu, mama."

Basi mmepata mlichotaka. Sasa na wewe unayesoma, njoo Jumapili ucheze naye. Huruma yako iache kwenu. Na akikupa sare, ikatae.