Kaka Yupo Njiani Kutoka London

Mtu akiniambia London ni mbali, mimi humtazama tu. Kaka yangu alituambia safari ya ndege kutoka kule hadi Dar ni wiki nzima, nasi tukaamini. Tusingeamini kwa nini? Sisi watu wa Mtwara. Masika yakianza, basi la kwetu lilikuwa likikwama Rufiji, abiria wakapika na kulala njiani siku chungu nzima. Kama Mtwara tu ilikuwa hivyo, seuze Ulaya.

Baba alikuwa mahututi katika chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Kariakoo, na hamu yake ilikuwa moja: amwone mwanawe wa kwanza, ampe radhi kwa mdomo wake. Nikampigia kaka kwa simu ya duka la jirani.

"Naondoka leo hii, mdogo wangu," akasema. "Lakini ndege inalala kila nchi. Mwambie baba avumilie."

Basi kila asubuhi baba akaniuliza kaka kafika wapi, nami nikamtajia nchi kwa kukisia tu: Misri, Sudani, Uganda. Alikuwa anafurahi, maskini.

Kaka hakuwahi. Wazee wakasema maiti haimsubiri msafiri, na kumwosha baba, ambako kulikuwa haki ya mwanawe wa kwanza, nikaingia mimi. Kaka alipofika, tulikwisha kuzika. Shangazi wakamlilia, eti mtoto wa watu kachoka na njia. Mimi nikampa kitanda changu.

Siku chache baadaye, rafiki yake aliyekuja naye ndege moja alinifuata kwenye cherehani yangu, barazani, nimpunguzie suruali. Nikampa pole ya safari ya wiki nzima.

"Wiki?" Akacheka. "Tulipanda jioni, asubuhi tukanywa chai hapa Dar. Tulichelewa kuondoka kule kwa ajili ya harusi ya mwenzetu. Kaka yako ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi. Hakukwambia?"

Usiku mmoja! Baba anahesabu nchi kitandani, mwanawe anacheza harusini. Nilimtetea kaka yule kwa kila aliyemsema. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamrudishia suruali yake nikaenda nyumbani. Kaka alikuwa uani, anakunywa chai ya sukari ambayo mke wangu aliipangia foleni dukani tangu alfajiri.

"Harusi ilikuwa nzuri?" nikamuuliza.

Akaweka kikombe chini. Akauliza kama baba alimwachia neno lolote. Nilikuwa na hasira ya kumpiga, wallahi. Lakini alikuwa ameuliza, nikamjibu.

"Siku ya mwisho tulimpelekea uji, akakataa. Alisema tuufunike, atakunywa na wewe ukifika."