Mshipi Wangu na Shanga za Mama Mkwe

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Mwulize yeyote aliyekula nyumbani kwetu Akheri mwaka ule mume wangu alipovunjika mguu: unga ulitoka wapi? Ulitoka ziwa Duluti, kwenye mshipi wangu wa kuvulia. Lakini ukitaja samaki pale, watu wanatema mate chini.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, binti wa mvuvi. Mume wangu Mmeru, dereva wa lori la shamba la kahawa. Lori lilipopinduka naye, Mzungu mwenye shamba alileta ratili ya sukari ya kumpa pole, kisha kimya. Wakwe zangu samaki hawali. Kwao ni nyoka wa majini, basi. Sikuwabishia. Nilivua, nikawauzia Waislamu wa mjini waliokuja soko la Tengeru, nikarudi na unga na maharage. Unga waliupokea kwa mikono miwili. Mimi nikaambiwa nioge kwanza nyuma ya zizi la mbuzi, ndipo niguse sufuria. Ebo! Kwani unga haukunuka?

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Nanga sikutia, niliuacha mtumbwi usukumwe na upepo polepole, chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, likiburutwa chini, nami nimeshika mshipi kidoleni nikisikiliza. Machubwi niliyatengeneza kwa risasi ya betri kuukuu ya lori, nikaiyeyusha na kuimimina kwenye vitundu vya mchanga mbichi. Kila chubwi nililifunga kwa uzi dhaifu wa pamba, makusudi, likinasa kwenye magogo likatike lenyewe na vingine vyote vibaki. Juu yake kidogo ndipo nilipofunga kipande kifupi chenye ndoana, na hicho kilikuwa cha nailoni. Nailoni ilikuwa kitu kipya siku zile, hata Mhindi wa duka la mjini aliificha chini ya meza. Kambale haioni, na akipigana nayo haikatiki. Bila nailoni ningekuwa naosha chambo tu.

Asubuhi moja nikaenda kuchukua vitu vyangu zizini, maana ndiko vilikoamriwa vikae. Machubwi yapo. Ndoana zipo, zimepangwa vizuri juu ya jiwe. Nailoni hakuna, hata kipande!

"Nani kagusa vitu vyangu?" nikapiga kelele.

Mama mkwe akaniita uani. Mawifi wote wapo, na majirani. Akanivisha shingoni mkufu wa shanga nyekundu na nyeupe, mistari mitatu, zimetungwa kwa nailoni yangu.

"Mke wa mwanangu," akasema, "huu huvishwa mke aliyekwisha kuwa wetu. Uzi wako ni mzuri, haukatiki. Sasa wewe ni mtu wa hapa. Ziwani huendi tena."

Wallahi niliutaka ule mkufu. Wake wa shemeji zangu wote walikuwa nao, mimi tu shingo tupu tangu niolewe, na nilishaulilia kwa siri. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele.

"Na unga, Mama?" nikauliza.

"Mungu atatoa."

"Mungu alikuwa akitoa kwa uzi huu huu!"

Nikamgeukia mume wangu, amelala kwenye kitanda cha kamba mlangoni, macho kwenye mguu wake. "Sema neno basi, baba!"

"Mama ameshasema," akajibu.

Loh! Mwanamume mzima, anakula jasho langu kila siku, na neno moja la kunitetea hana!

Nikauvua mkufu. Nikafungua fundo, nikazimwaga shanga kwenye bakuli la mama mkwe mstari mmoja baada ya mwingine, mbele ya watu wote. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mkwe hakunikemea. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Sasa nani atakuvisha tena?"

Nilikaa pale pale uani nikafunga ndoana zangu, nikaenda ziwani. Jioni walikula wakashiba, mama mkwe mwenyewe akaongeza ugali. Na siku tulipomzika, miaka mingi baadaye, wake wa wanawe wote walisimama kaburini na mikufu yao, mimi peke yangu shingo tupu.